Robo Gari

Mhesabu magari alikuwa mwaminifu kupita kiasi. Miaka kumi na mmoja alikaa kwenye stuli yake njia panda akihesabu magurudumu, na jioni akiyagawanya kwa nne kama fomu ya Ofisi ya Mipango ya Usafiri ilivyotaka. Jibu ndilo idadi ya magari. Kisha uchumi ukaanguka, magari yakalala majumbani bila mafuta, fomu ikaonyesha magari arobaini kwa siku. Ofisi ikaondoa basi. Barabara isiyo na magari, basi la nini?

Basi hilo ndilo lililompeleka mama yake kusafishwa damu, mara tatu kwa wiki. Sasa alimsukuma kwa toroli, mto chini, mwavuli juu, na kila wakipita kwenye stuli aliandika: gurudumu moja. Robo gari.

"Mimi na mwili wangu wote huu ni robo?" mama aliuliza.

"Fomu hiyo, mama. Si mimi."

"Na basi wanalirudisha kwa magari mangapi?"

"Mia tano kwa siku."

"Magurudumu elfu mbili," mama akasema. "Niitie majirani."

Matoroli yalikuwepo tele, maana kila aliyeachishwa kazi alinunua lake akabebe mizigo ambayo haikuwepo. Wakaja wote, wakaizunguka njia panda tangu alfajiri. Fomu haikuuliza kama gurudumu lilelile limeshapita. Shangazi akaleta cherehani, akidai nayo ina gurudumu. Mhesabu akaikataa, undugu kando. Haba na haba, siku ya tatu pakawa na foleni na matusi ya kweli, na trafiki aliyekuwa akisinzia tangu mwaka jana akapuliza filimbi huku machozi yakimtoka. Jioni: magari mia tano na kumi na mawili.

Wiki iliyofuata mhandisi wa ofisi alileta barua kwa miguu, gari lao nalo halikuwa na mafuta. Iliandikwa: *Kutokana na msongamano uliokithiri, barabara hii haiwezi tena kupitisha basi.*

"Inasemaje?" mama akauliza kutoka kwenye toroli. Miwani yake ilikuwa nyumbani.

Mwanawe akaitazama barua, akaitazama miguu ya mama iliyovimba. Roho ilimuuma. Maishani mwake hakuwahi kuongeza hata gurudumu moja.

"Linarudi Jumatatu."

Mhandisi akainama kutazama viatu vyake.

"Si nilisema!" Mama akacheka hadi toroli likatikisika. Kisha akamwona mgeni anavyotiririka jasho. "Na wewe baba, utarudi kwa miguu na habari njema hivyo? Panda hapa, tubanane. Toroli lenyewe linastaafu Jumatatu."

Mhandisi akapanda. Mhesabu akashika mishikio, akasukuma. Wakaipita stuli, fomu ikapeperuka juu yake.

"Mbona hujatuandika?" mama akauliza.

"Mikono imejaa, mama," akajibu, na huo ulikuwa ukweli.