Mpaka Supavaiza Aseme

Gerishom alipopandishwa cheo katika banda la korosho la Bwana Harith, pale Kilifi, jambo la kwanza alilolifanya ni kupiga marufuku neno nyapara.

"Nyapara ni wa wafungwa na wakata mkonge. Mimi ni supavaiza! Na humu hata nzi hatui mpaka supavaiza aseme."

Adhuhuri ile ile Jedida alimsikia mwanawe mchanga, Mapenzi, akilia langoni. Wifi yake, Kache, alikuwa amemleta anyonye, kama desturi. Jedida akainuka akijifuta jivu mikononi, lile wanalojipaka wabanguaji ili mafuta ya maganda yasiwaunguze.

"Nani kakwambia usimame?"

"Mtoto, nyapara... uniwie radhi, supavaiza."

"Kwa hilo la nyapara, keti. Atanyonya jioni."

Mapenzi alilia mpaka sauti ikamkauka. Maziwa yakamtoka Jedida, yakamlowesha gauni. Yeye hakulia. Aliwaambia wenzake kwa upole uliowatisha: "Jamani, tumheshimu supavaiza. Tumheshimu sawasawa."

Wakamheshimu. Kesho yake Gerishom alivuka feri kwenda Mnarani kuwaringia wakwe. Huku nyuma korosho zikaanza kuungua karaini. Mwanamina mkaangaji akaweka mwiko chini. Wanawake wakapakata mikono. Moshi ukamtoa Bwana Harith ofisini akikohoa.

"Mwatazama tu? Mali yangu yateketea!"

"Shikamoo, Bwana," Jedida akasema. "Twamngoja supavaiza. Humu hata nzi hatui mpaka aseme. Ama niseme mimi?"

"Sema, mwana wewe, sema!"

"Haya, simameni!"

Wakaruka kama siafu waliomwagiwa maji. Mchanga ukamwagwa, karai likaepuliwa, nusu ya mali ikaokoka. Gerishom aliposhuka feri alikuta cheo kimeshahama.

"Kesho asubuhi kaa pale ubangue," Bwana Harith akamwambia.

Jivu alilikataa, eti ni mambo ya wanawake. Haikufika adhuhuri, vidole vikafura malengelenge.

"Mama Mapenzi, mikono yaniwaka. Nikanawe?"

"Umemwita nani?"

"Supavaiza."

Banda zima likaangua kicheko. Kache alikuwa keshafika langoni. Jedida akampokea mwanawe, akaketi papo hapo mbele ya Gerishom, akajitanda leso, akamnyonyesha.

"Ngoja," alisema. "Mtoto kwanza."

Na Mapenzi siku ile hakuwa na haraka hata chembe.