Mafuta Kwenye Viganja Vyangu

Walisema kile kipimo cha umeme cha hospitali kinaua mkono. Muuza nywele bandia ndiye aliyeniletea habari, mlangoni pa saluni anakosukia binti yangu.

"Shoga, kuna mwanamke aliingia anacheka, katoka mkono unaning'inia kama soksi kwenye kamba!"

Nikamwuliza ni nani huyo. Hamjui. Hata hivyo neno lile lilinikwama, nikala nalo, nikafua nalo.

Niliamini kwa sababu ushauri wa kipimo ulitoka kwa mkwe wangu, mama wa mume wa binti yangu. Ganzi ilipoanza kumshika binti yangu kidole gumba na viwili vinavyofuata, chanuo likawa linamponyoka juu ya vichwa vya wateja, alimwambia yule kwanza. Mimi nilikuja kusikia mezani, katikati ya maongezi mengine, kama mgeni. Nimebeba mimba miezi tisa, halafu habari za mkono wa mwanangu nazipata kwa mkwe!

Nikasema haendi kupimwa. Kila jioni nikamkanda kwa mafuta ya moto, na kila jioni akaniambia, "Afadhali kidogo, Mama." Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Miezi saba.

Siku alipoangusha mkasi, ukamkosakosa mteja mguuni, hakuniomba ruhusa tena, akachukua siku ya kupimwa. Karatasi ya miadi ilikataza kupaka chochote mkononi. Asubuhi ya kipimo nikampaka, nikamkanda kuliko siku zote.

"Nani kapaka mafuta?" mpimaji aliuliza. Vibandiko vya waya vilikuwa vinabanduka kimoja kimoja.

"Mimi mwenyewe," binti yangu akajibu.

Mkwe, tuliyekuja naye, alitazama viganja vyangu vinavyong'aa.

Mkono ukafutwa kwa spiriti, ukawa wa baridi. "Upasheni joto kwanza," mpimaji akasema, "baridi itatudanganya." Binti yangu akaunyoosha. Kwa mkwe. Yule mama akaufunika kwa viganja vyake viwili vikavu, na mimi, Mungu anisamehe, nikaomba viwe baridi.

Umeme ulipogusishwa kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, kidole gumba kiliruka chenyewe. Cha kulia kilitikisika tu, kama mtu anayeamshwa hataki.

"Mshipa wa fahamu umebanwa hapa kifundoni," mpimaji akasema. " Ujumbe unachelewa, na unafika nusu. Ganzi ina muda gani?"

"Kama mwaka hivi," binti yangu akajibu.

"Mngewahi, mnofu huu usingeisha." Akaonyesha shina la kidole gumba. Palikuwa na bonde. Nilikuwa nimelikanda bonde lile miezi saba bila kuliona.

Binti yangu alitoka mkono wake u vilevile, haukuning'inia. Kwenye korido mkwe akanipa mkoba wa binti yangu. "Shika wewe, mkwe, mimi nimechoka." Ulikuwa mwepesi. Hakuwa amechoka.

Binti yangu alifanyiwa upasuaji, ganzi ikaisha. Nguvu ya kidole haijarudi. Siku hizi anaosha nywele, wengine wanasuka.

Mama mwenye binti, epuka haya:

Kuamini habari za mtu ambaye hata msimuliaji hamjui.

Kupaka mafuta siku ya kipimo.

Kumkanda mgonjwa mpaka aseme afadhali kwa kukuhurumia.

Kungoja ganzi izoeleke.

Kuuliza nani aliambiwa kwanza. Hili bado linanishinda.