Kona Ambayo Mkunja Hakuikunja

Mafundi wote walimwita Mkunja, na jina hilo alilitolea jasho. Miaka thelathini alikunja nondo za chuma, na kona zake zilikuwa kona kweli, si za kubabaisha. Akisifiwa alivimba kichwa, mpaka mkewe akamtania kwamba iko siku watalazimika kupanua mlango ili apite.

Safari hii walikuwa wanajenga zahanati kwenye ardhi ya chumvi, ambako chuma kingeliwa na kutu ndani ya msingi. Kwa hiyo zililetwa nondo za nyuzi za kioo zilizoshikwa na gundi ngumu, nyepesi hata Mkunja akabeba kumi begani huku anapiga mluzi. Ila kanuni za ujenzi zilikuwa na sharti moja lililomkaba kooni: nondo hizi hazikunjwi kiwanjani. Za kona hutoka kiwandani zimeshapinda.

Siku ya kumwaga zege, nondo za kona moja hazikuonekana. Kiwanda kilizisahau.

"Si upo wewe?" msimamizi alimwambia. "Washa moto, kunja. Zege linafika saa nane."

"Hizi hazikunjwi, bosi."

"Mkunja mzima unaniambia hazikunjwi? Kama umeshindwa sema, nimwite fundi."

Fundi! Neno hilo lilimchoma, na kibarua chenyewe kilikuwa kinaota nyasi anakiona. Lakini alikuwa na siri. Siku ya kwanza, kwa ubishi wake tu, aliipasha nondo moja moto nyuma ya stoo, ikapinda vizuri, akaicheka kanuni. Alipoigonga kidogo, ikapasuka. Akaificha chini ya mifuko mitupu ya saruji, na aibu yake pamoja.

Sasa aliifuata, akaiweka juu ya tofali mbele ya mafundi wote.

"Hii nilikunja mimi," alisema. "Gonga, bosi."

Msimamizi aligonga mara moja tu. Kona ikafumuka nyuzi kama kamba iliyochakaa.

"Hii ndiyo unayotaka iwe chini ya chumba cha kujifungulia?"

Msimamizi alinuna, akatoa simu, akaahirisha zege.

Siku mbili baadaye nondo za kiwandani zilifika. Mkunja alizifunga kwa vibanio vya plastiki, akazikaza chini zisije zikaelea kwenye zege. Mkaguzi wa majengo, mama mmoja mwenye miwani asiyecheka ovyo, alichuchumaa kwenye kila kona.

"Nani amekunja hapa?"

Wote wakamgeukia Mkunja. Kwa miaka thelathini swali hilo alikuwa akilijibu kwa kujipiga kifua.

"Hakuna, mama," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. "Hakuna mtu aliyekunja hapa."

Mkaguzi akatia saini. Mkunja hakuwahi kujivunia kona yoyote kama ile.

Jioni alisimama nje ya nyumba yake, mikono kiunoni.

"Mke wangu," aliita, "panua mlango."