Shairi la Kumuaga Gelasius

Wivu hauna umri wala haya. Bahadur, mzaliwa wa Tanga aliyehamia ughaibuni, babu mwenye wajukuu na msikiti haumkosi, alikuwa akimwonea wivu Mchina.

Na huyo Mchina, Mzee Huang wa mtaa wa Agincourt, hakumkosea kitu. Alikuwa akifundisha mashairi ya kale ya kwao kila Jumapili kwenye ukumbi wa maktaba, naye Gelasius akaenda kusikiliza. Basi. Lakini Gelasius ni nani? Ni mtu wa Bukoba, mpakua mizigo wa ndege kwenye uwanja wa Malton, ambaye kwa miaka yote hiyo ya baridi amekuwa akijibizana mashairi na Bahadur. Huyu akitupa beti, yule anajibu kwa vina vilevile. Kumbe Wachina nao wana mtindo huohuo tangu enzi za wafalme wao! Gelasius, mtu mzima na mvi zake, akaja Don Mills nyumbani kwa Bahadur kumsifu Huang mpaka chai ikapoa. Akaeleza kwamba kwa watu wale shairi ni kipimo cha utu: ofisa akipelekwa jimbo la mbali, rafiki zake humsindikiza kwa beti, na asiye na ubeti wa kumpa mwenzake, huyo hakuwa rafiki.

Bahadur yakamfika shingoni. Tangu siku ile simu ya Gelasius ikilia, hapokei. Mkewe Azmina akamwambia hajapata kuona mwanamume akifanya uke wenza na mwanamume mwenzie. Apokee, huenda lipo jambo. Bahadur akasema mwenye jambo ampelekee Huang.

Jamani, roho ilimchoma. Anakula, Huang yumo. Anaswali, Huang yumo. Mwishowe akatunga beti za kumuumbua msaliti mbele ya huyo mwalimu wake, na aelewe yeye peke yake, maana pale hapana mwingine ajuaye Kiswahili. Jumapili akatia karatasi mfukoni, akawasha gari.

Alikuta ukumbi umejaa wazee wa Kichina na sahani za vyakula, Gelasius kakaa katikati yao. Huang akamjia mbio, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia kwa Kiingereza kwamba walishakata tamaa kuwa atakuja. Ndipo Bahadur akapata habari. Gelasius amestaafu, kesho anapanda ndege, anarudi Bukoba moja kwa moja. Wenzake wamekuja kumuaga kwa desturi ya kale, kila mtu na ubeti wake, na nafasi ya mwisho wamemwekea rafiki wa siku nyingi.

Angesema hana shairi, lakini alijua kwa watu hawa maana yake ni nini. Akatafuta ubeti mpya kichwani, hata neno moja hakuliona. Na watu wote wanamngoja. Akaikunjua karatasi, akasoma alichokuja nacho:

*Umenitupa rafiki, Uchinani kukimbia,*
*Kinyonga haaminiki, kila rangi huingia.*

Akasoma zote, hadi ya mwisho. Wazee wa Kichina walifumba macho na kutikisa vichwa, wakivifuata vina. Alipomaliza wakapiga makofi. Huang akafuta machozi, akamwomba Gelasius awafasirie.

Gelasius alimtazama Bahadur. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa na nduguye hadharani. Kisha akawageukia wenzake.

“Anasema nikiondoka,” akawaambia kwa Kiingereza, “hatakuwa tena na wa kumjibu.”

Bahadur akafungua kinywa aseme kwamba sivyo alivyosema. Badala yake akajibwaga kwenye kiti kilichokuwa karibu, akalia mbele ya wageni bila kujificha. Huang akaja akamshika bega, naye hakuuondoa mkono ule.