Mshubiri wa Mlangoni

Siku Shauki alipoondoka kwenda Kuwait, mama yake hakulia. Alipanda juu ya stuli, akautundika mshubiri juu ya mlango, upande wa ndani, mizizi ikining'inia hewani. Aliufunga kwa utepe alioupasua kutoka kwenye shati la kulalia la mwanawe, lile la mistari ya buluu.

"Huu haunyweshwi," Haja Insaf alimwambia mkwewe. "Maadamu uko kijani, mwanangu yuko njiani. Ukiumwagia maji, ni kusema humwamini. Umesikia, binti?"

"Nimesikia, mama," alijibu Ibtisam, hina ya harusi ikiwa bado mikononi.

Kwa watu wa Mahalla, huko Misri, mmea ule na subira vina jina moja. Hata sisi tunajua jinsi shubiri na subira zinavyokaribiana mdomoni, na wala si mdomoni tu. Kila mlango wa jengo lile ulikuwa na mshubiri wake, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Tofauti ni kwamba milango mingine ilikuwa na waume ndani.

Kila Ijumaa Ibtisam alipanda stuli, akayafuta majani vumbi kwa kitambaa kikavu, akachunguza ncha zake moja moja. Ukumbi ulikuwa na giza, basi aliacha mlango wa jikoni wazi ili mmea upate mwanga kidogo. Akishuka hapo, kazi ilikuwa ya Haja: kumkanda magoti, kumpikia mlenda wake na sungura siku za heri, kumpeleka kliniki na kumpandisha tena ngazi mpaka ghorofa ya nne, kwa maana lifti ya jengo lile ilikufa kabla ya mwenye jengo. Shauki alipiga simu kila sikukuu. Alizungumza na mama yake chumbani, mlango umefungwa, kisha Ibtisam akapewa simu aage tu.

"Ibtisam, huyo mumeo ni wa Kuwait au wa kuwaza tu?" Mama Hishamu wa ghorofa ya kwanza alimtania ngazini.

"Anakuja, Mama Hishamu."

"Anakuja, eh? Hata Siku ya Kiyama inakuja."

Miaka ikapita hivyo. Kaka yake Ibtisam, Fathi, alikuwa akimpigia kutoka kijijini, na safari moja hakuzunguka mbuyu. "Dada, rudi nyumbani. Twende mahakamani, udai talaka yako. Mwalimu Izzat ni mgane, ana heshima zake, na amekuulizia. Anataka watoto. Wewe hutaki?"

Alitaka. Alitaka mpaka akaona haya kulisema hata peke yake. Na siku hiyo, Haja akiwa kwa jirani, Ibtisam aliutazama mshubiri juu ya mlango, majani yamesinyaa na kujikunja, akaona huruma. Aliuteremsha, akaiweka mizizi katika beseni la maji, akaunywesha kama mtu anavyomnywesha mgonjwa wake. Akaurudisha mahali pake. Baada ya siku chache moyo wa mmea ukawa laini, mweusi, ukaanza kunuka.

Aliogopa sana. Akaomba ruhusa kwenda kwa kaka yake, na huko akamwambia wazi, "Nikirudi nikaukuta umeanguka, nachukua nguo zangu nakuja. Nikiukuta mzima, usinitajie tena Izzat."

"Mmea ndio utakaokuamulia?" Fathi aliuliza.

Mkewe Fathi alicheka. Yeye mwenyewe alikuwa na mshubiri katika kopo la samli dirishani, ndani ya mchanga, kwenye jua, umetoa maua ya manjano. "Wifi, huu wangu naupa maji kidogo udongo ukikauka kabisa. Siuoshi kama maiti, na wala siunyimi. Mmea ni mmea."

Ibtisam alirudi Mahalla akiwa na mkoba mtupu, tayari kuujaza. Akafungua mlango, akainua macho. Mshubiri ulikuwa juu pale, kijani, mgumu, majani yamejaa utomvu, utepe wa buluu umefungwa vizuri. Alikaa chini sakafuni akalia, akamshukuru Mungu kwa kumjibu.

"Nilikwambia, binti," Haja alisema kutoka kochini. "Subira yavuta heri."

Izzat hakungoja. Alioa binti wa mwenye kinu, na mwaka uliofuata Fathi akapiga simu kusema mwalimu amepata mtoto wa kiume. Ibtisam akatuma pongezi, kisha akapanda stuli kufuta vumbi.

Kila sikukuu Ibtisam alikuwa akimshusha Haja hadi kwenye bajaji, na Haja akaenda makaburini peke yake. "Marehemu wangu ananijua mimi tu," alikuwa akisema. Lakini sikukuu hii magoti yalikataa, na ikabidi Ibtisam amshike mkono, na kikapu cha mikate ya sadaka mkono wa pili. Haja alikaa kando ya kaburi la mumewe, akawagawia mikate waliopita. Juu ya kaburi paliota mishubiri mingi, minene, ya kumwombea marehemu subira huko aliko.

"Izungukie, uimwagie maji," Haja alisema, kisha akashtuka. "Au basi. Acha tu, binti. Acha."

Ibtisam alikuwa ameshazunguka. Nyuma ya kaburi, kati ya matofali, palikuwa na lundo la mishubiri iliyokauka. Kila mmoja ulikuwa na utepe wa mistari ya buluu. Mmojawapo ulikuwa umeoza moyoni kabla ya kukauka, mweusi mpaka ndani, na huo aliujua.

Aliuokota, akauweka mapajani mwa mkwewe. "Mama, nini hii?"

"Uchafu wa makaburini. Tupa, utachafua nguo."

"Hili ni shati la Shauki."

Haja alikunja midomo. "Uliuozesha kwa maji. Unadhani sikujua? Nikamwita mtoto wa jirani akatundika mwingine, nikakusitiri."

"Ukanisitiri! Shauki yuko na nani huko?"

Haja Insaf alipapasa kaburi kwa kiganja, kama mtu anayelainisha shuka. "Wana watoto. Mkubwa kampa jina la huyu hapa."

"Tangu lini?"

"Kabla ya hayo maji yako."

Tuseme ukweli: Ibtisam alitaka kumpiga. Mkono uliinuka, ukakuta ni mkono uleule uliozoea kumshika kikongwe asianguke, ukashuka.

"Ungeniambia ungekwenda zako," Haja alisema, sasa analia. "Nani angenipandisha zile ngazi? Yeye? Hata jina la dawa yangu halijui. Wallahi wewe ndiye mwanangu. Nimekupenda kuliko yeye."

Lililomchoma Ibtisam ni kwamba hilo lilikuwa kweli. Alipendwa, na kwa mapenzi hayo akaliwa ujana wake wote. Aliikusanya ile mishubiri mikavu, akaitia yote ndani ya kikapu kilichoishiwa mikate, akamwinua mkwewe.

Wakarudi kwa bajaji. Alimpandisha mpaka mlangoni kwa Mama Hishamu, ambako Haja hupumzika kila mara, akamkalisha kitini. "Natangulia," alisema.

Ghorofa ya nne, Ibtisam alipanda stuli kwa mara ya mwisho. Aliuteremsha mshubiri wa kijani, na mahali pake akaitundika ile mikavu, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa utepe wake, hadi ikajaa upana wa mlango. Akajaza mkoba nguo. Aliufunga ule wa kijani ndani ya gazeti, na mizizi yake akaiwekea mchanga kidogo ndani ya kopo. Hakuunywesha. Maji yangekuwepo kwa Fathi, na jua.

Walikutana ghorofa ya pili. Haja alikuwa amechoka kungoja, anapanda kwa kushika ukuta, anahema. Aliuona mkoba, akaliona kopo.

"Unakwenda wapi, binti? Nani atanimalizia ngazi?"

Ibtisam alijibana ukutani ampishe. "Mlango nimeuacha wazi," alisema.

"Ibtisam! Nani atanipandisha?"

"Subiri, mama," alisema, akashuka.