Landrova Hii Imemzika Nani?

Katika Mbozi nzima hakuna mtu anayeyajua magari kunizidi mimi, Ruti wa Ihanda. Nikilisikia gari likipanda mlima, nakutajia ugonjwa wake kabla fundi hajavua shati. Ni kweli kwamba siku moja nililitambua gari la padri kwa mlio tu, nikatoka na kuku mkononi kumpokea, kumbe jirani kawasha mashine ya kusaga. Lakini kuku alirudi bandani salama, kwa hiyo hilo silihesabu.

Mwaka ule wa 2008 mwanangu Osea alishikwa na wazimu wa kununua Landrova. Osea anakaa Vwawa, kasoma, na anavaa miwani ambayo macho yake hayajawahi kuiomba. Alitaka kubeba abiria na mizigo ya watu wa Ibaba, kule milimani ambako mvua ikinyesha gari la kawaida linageuka kibanda. Wazo lenyewe halikuwa baya. Ubaya ni kwamba gari lingenunuliwa kwa shamba langu la kahawa, shamba ambalo tulilipanda mimi na marehemu baba yake, huku huyo huyo Osea akininyea mgongoni. Mnunuzi wa shamba alikwisha kuja kulizunguka, akikohoa kama mwenye nyumba. Nikasema sawa, uza, ila hilo gari nilione kwanza.

"Mama, wewe utaona nini kwenye gari?"

"Nitaona unachokiona wewe, kasoro miwani."

Tukaenda Tunduma. Muuzaji aliitwa Osward. Viatu vyake vilichongoka mbele hivi kwamba vidole lazima vilikuwa vinaingia kwa zamu. Kafanya biashara na Wazambia wa Nakonde miaka mingi, basi kila mwanamke mzima kwake ni "mayo", yaani mama kwa Kibemba, hata kama mwanamke mwenyewe angeona aibu kumzaa. Landrova ilikuwa uani kwake, imepakwa rangi ya kijani kwa haraka, na matairi nayo yakapata fungu lao.

Tulikwenda na fundi wetu, Anania. Akalala chini ya gari, akachomoza, Osward akamletea soda na chipsi. Tangu hapo kila tulichomuuliza alijibu, "Iko vizuri," mdomo umejaa.

"Msinisikilize mimi," Osward akasema. "Kisikilizeni kioo."

Kioo cha mbele kilikuwa kimejaa stika za ukaguzi wa usalama barabarani, mwaka kwa mwaka, zimejipanga kama nishani kifuani mwa askari ambaye hakuwahi kwenda vitani.

"Gari langu halijakosa ukaguzi hata mwaka mmoja," akasema. "Breki, taa, usukani, vyote vinapita. Mwanaume unampima kwa mke wake, gari unalipima kwa stika."

Osea akazisoma zile stika kwa sauti, kama masomo ya Jumapili. "Mama, unaona? Kila mwaka limekaguliwa."

Mimi nikauangalia mpira unaokizunguka kioo. Ulikuwa mpya, mweusi tii, wakati mpira wa milango umechakaa kama sikio la mbwa mzee. Kioo huhama gari hadi gari, jamani, kama mpangaji, na stika zake kifuani. Nikamvuta Osea pembeni nikamwonyesha.

"Mama, usitutie aibu," akaninong'oneza, na mkono wake tayari uko kwenye simu, anataka kumwambia yule mkohoaji alete hela za shamba.

Hapo nikaona shamba langu linaondoka hivi hivi, linapanda gari lisilotembea. Nikamgeukia Osward.

"Baba, gari lako zuri. Limemzika nani?"

"Nani kafanya nini, mayo?"

Maana kwetu, mwenye gari la nguvu haombwi, anafuatwa tu. Mtu akifia hospitali wakati wa mvua, na kwao ni juu mlimani, vijana wanakwenda kwa mwenye Landrova wanamwambia vaa. Akikataa, ajiandae kujibeba mwenyewe siku yake. Gari lililokuwa barabarani miaka yote hiyo lazima lina marehemu wake. Lisilo na marehemu, lilikuwa juu ya mawe, kuku wanatagia ndani. Huo ndio ukaguzi wetu, na hauna stika.

Nilipomweleza akacheka kwa meno yote. "Aa, hao! Wengi, mayo, wengi."

"Wengi hawana majina?"

"Msaada hauhesabiwi."

"Mtaje mmoja tu, roho yangu itulie."

Akakuna shingo. Akamtazama Anania, Anania akazitazama chipsi. Nikamwonea huruma, mwongo asiye na mtaji anasikitisha. Nikamkopesha wa kwangu.

"Basi ndilo hili lililombeba yule bibi Ruti wa Ihanda, wakati wa mvua za mwaka juzi? Tulisikia ni Landrova ya Tunduma."

Osea akaanza kukohoa. Nikamkanyaga mguu.

"Ndilo!" Osward akaruka kama aliyepata namba ya bahati. "Ndilo hili hili! Yule bibi! Tope lilikuwa hapa, mayo, magotini. Magari mawili yamelala mtaroni. Nikaingiza gia ya nguvu, magurudumu yote manne yakavuta, bibi akafika kwake bila hata kutikisika."

"Alikuwa mzito?"

"Mwepesi kama bua! Ugonjwa ulimmaliza."

Anania akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwani hadi chini, na safari hiyo si fupi wala si nyembamba. Akaacha kutafuna.

"Maskini," nikasema. "Na watoto wake walilia?"

"Usiseme! Hasa yule kijana wake. Alitaka kujitupa kaburini. Nilimshika mimi, kwa mikono hii. Nikamwambia, kijana, jikaze, mama yako yuko mahali pema."

"Ukimwona leo utamjua?"

"Sura ile? Hata gizani, mayo. Tulikuwa kama ndugu."

Osea alikwisha kuvua miwani. Simu akairudisha mfukoni taratibu, kama mtu anayefukia kitu, na funguo za Landrova, alizokwisha kukabidhiwa na Osward, akazilaza juu ya boneti. Osward akazitazama funguo, akamtazama Osea, akanitazama mimi.

"Vipi tena? Kwani ninyi si watu wa Vwawa?"

"Huyu ndiye wa Vwawa," nikasema. "Mimi ni wa Ihanda. Osea, mshukuru baba, bila yeye ungeingia kaburini kwangu."

Osward akaziokota funguo zake pale kwenye boneti.

"Labda, mayo," akasema, "alikuwa Ruti mwingine."

"Yupi?" Anania akamuuliza.