Kusikiliza Tu

"Nani ameukata wimbo wa Ratna?" mtangazaji Dipen aliuliza kwa sauti ya kutikisa chumba. "Leo sikukuu ya kupanda mpunga, mtindi na pepeta za mchele viko mezani, watu wanausubiri redioni!"

Sanumaya aliinamia kibodi. Yeye ndiye aliyetunza kompyuta za redio hii ndogo ya Lalitpur, Nepal, na kwa haya zake alipenda kujificha nyuma ya kioo cha mashine yake. Zamani kila mtangazaji aliyekutana na maneno "huna ruhusa" alimjia juu, hata akachoka kugombezwa. Akaandika skripti, programu fupi ya kuzifungua rekodi zote kila asubuhi: yeyote asome, yeyote aandike, yeyote afute. Kelele zikaisha.

Sasa alichungulia kumbukumbu za mashine. Faili ya wimbo ilikuwa imebadilishwa jana mchana. Jina lililobaki pale lilikuwa la Hariman.

Hariman, mzee wa kusoma hali ya hewa, mume wa marehemu Ratna. Alikaa pembeni, kofia magotini, mkono ukitetemeka kama kawaida yake. Kila mchana aliufungua wimbo ule, akamsikiliza mkewe, akaenda zake.

"Bila shaka ni wewe, Dipen," fundi mitambo alitania. "Vidole kama mihogo!"

"Mimi? Thubutu!"

Hariman akafumbua mdomo. Sanumaya akamwahi.

"Kosa ni langu, kaka Dipen. Niliacha mlango wazi. Nina nakala ya wiki iliyopita, naurudisha sasa hivi."

Hawakuwahi kumsikia akisema maneno mengi namna ile.

Akaurudisha. Kisha akaibadili skripti: kila asubuhi ikague faili na folda, ikikuta iliyo wazi kwa wote kuandika, iifunge, ibaki ya kusoma tu. Ruhusa ya kuubadili wimbo wa Ratna akamwachia Hariman peke yake, kwa kuwa ni sauti ya mkewe.

Mzee akainama karibu yake. "Mwanangu, hata mimi nifungie. Mkono huu hauna adabu tena."

"Hata wewe, baba?"

"Niachie kusikiliza."

Sanumaya akaiondoa ruhusa ile. Hariman akajaribu kuufungua wimbo, kidole kikateleza, kikagusa pa kufutia. Mashine ikagoma.

"Huna ruhusa," akasoma kwa sauti, akacheka huku akijifuta macho.

Ratna akaanza kuimba. Nje mvua ilikuwa imeshika. Dipen alisimama mlangoni na bakuli la mtindi alilomletea mzee, hakuingia, asimkatize.